Kilo za Mama Mkwe

Kama hujawahi kutangaziwa uzito wako mlangoni mwa kanisa, mbele ya washirika, basi hujawahi kusali nasi Vårby gård, Stockholm. Sisi tulikuwa na Shemasi. Makanisa mengine yana mashemasi wa kupanga viti na kupitisha kapu la sadaka. Wetu alifanya hayo yote, na juu yake alitupima. Alisimama mlangoni na vitabu vya nyimbo mkononi, akakutazama kuanzia mabegani, akashuka hadi nyongani, akarudi juu, ndipo akakupa mkono. "Sabini na nane," alikuwa akisema kwa upole, kama mtu anayekutakia Jumapili njema. "Krismasi ulikuwa sabini na nne."

Hakuwa akikosea, na hilo ndilo lililotuudhi. Mke wa mchungaji alinunua mizani ya bafuni kwa nia moja tu, kumuumbua. Akajipima kimya kimya kwa wiki tatu, kisha akaitangaza mizani mtandaoni kwamba inauzwa na haijatumika. Mchungaji mwenyewe aliacha kupitia mlango mkuu, akawa anaingilia jikoni. Alisema ni kwa sababu ya maegesho.

Jina lake lipo kwenye orodha ya washirika, ila sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Shemasi kwa wakubwa na watoto, kwa Wakenya na kwa ndugu zetu wa Kongo, na hata kwa yule Mswidi anayetukodisha ukumbi, ambaye nadhani mpaka leo anaamini hilo ndilo jina lake la ukoo.

Macho hayo hakuyapata kanisani. Kabla ya kuja Sweden alikuwa dalali wa ng'ombe. Alizunguka minadani akinunua ng'ombe na kuwapakia kwenye malori, na huko hakukuwa na mizani. Kulikuwa na macho yake na midomo ya wauzaji. "Mdomo unadanganya, nguo inadanganya," alipenda kusema. "Kilo hazidanganyi." Alikuwa na utaratibu wake. Ng'ombe, alinieleza, hutazamwa mara tatu. Kwanza kutoka nyuma, halafu ubavuni, halafu unajifanya unaenda zako, unapiga hatua kama kumi, unageuka ghafla. Ukigeuka ndipo unamwona alivyo. Nilimuuliza kama nasi hutupima hivyo hivyo. Akasema hapana, binadamu anatosha mara moja, hana mambo mengi.

Nilimchukia kwa hilo kwa miaka mitatu. Kisha mume wangu akagundua kwamba hewa ya Gothenburg ni nzuri zaidi kuliko ya Stockholm, na kwamba hewa hiyo ina umri wa miaka ishirini na tisa na inajua kusuka. Sikumwambia mtu. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikaenda kanisani nikiwa nimevaa vizuri kuliko kawaida. Kanisa zima likanisifu. Dada umependeza, dada umepungua, dada tuambie siri. Shemasi peke yake alishika mkono wangu pale mlangoni akakataa kuuachia.

"Kilo sita na nusu," akasema. "Nani anakusumbua?"

Nililia pale pale, uso wangu ndani ya makoti ya watu. Jumatano akaja kwangu Upplands Väsby na sufuria ya githeri, mahindi na maharage, akaiweka mlangoni, akagonga, akaondoka kabla sijafungua. Jumapili iliyofuata aliniangalia kidogo tu. "Nusu kilo imerudi," akasema, akanipa kitabu cha nyimbo. Tangu siku hiyo sikumchukia tena, ingawa niliendelea kumsema, kwa sababu kanisani usipomsema mtu watu hudhani una neno naye.

Ni ile githeri iliyompeleka kwa ng'ombe. Basi la kutoka stesheni kuja kwangu hupita kando ya malisho, na siku ile, sufuria mapajani, aliwaona dirishani. Wakati huo alikuwa amestaafu kazi ya kusafisha ofisi, miaka ishirini na ushee ya kusalimia watu wanaoijibu ndoo. Wakati wa kurudi alishuka kwenye kituo cha malisho, akasimama kwenye uzio mpaka mwenye ng'ombe akatoka kumuuliza anataka nini. Akasema yule mweusi wa kule mwisho anachechemea mguu wa nyuma. Mwenye ng'ombe akasema hachechemei. Wakaenda kutazama. Alikuwa anachechemea.

Sasa, lile halikuwa shamba. Lilikuwa hifadhi ya ng'ombe ya Wahindu. Ng'ombe waliokwisha kukamuliwa mpaka wakakauka, na maksai wachache ambao hakuna aliyewataka, waliletwa pale kuzeeka. Hakuna aliyeuzwa na hakuna aliyechinjwa. Walikuwa kumi na wanne, kila mmoja na jina lake juu ya kihori chake, na ndege za kwenda Arlanda zikipita juu ya vichwa vyao bila wao kuinua hata sikio. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya wazee ya binadamu, na nakiri wale ng'ombe walipata wageni wengi zaidi.

Mwenye ng'ombe huyo alikuwa mama mmoja mfupi, amepita sitini, anayevaa sari juu ya suruali ya baridi na gambuti za kijani. Shemasi alimwita Bibi, na mimi pia nitamwita hivyo. Walizungumza Kiswidi, cha Bibi kikiwa kizuri na cha Shemasi kikiwa kile cha ndoo na sabuni. Akampa kazi siku nne kwa wiki. Kutoka Fisksätra anakoishi Shemasi mpaka pale ni treni, metro, treni nyingine, na basi linalopita mara moja kwa saa. Mzee mzima alivuka Stockholm yote kabla watu hawajanywa kahawa, kwenda kuzoa mavi. Na alikwenda akiwa amefunga tai.

Kanisani tuliambiwa ni ranchi. "Nasimamia ranchi kidogo," alisema, akitazama viatu vyake. Tukaelewa kidogo ni unyenyekevu. Kufikia Pasaka ranchi ilikuwa na ng'ombe arobaini, kufikia Juni sitini, na yeye hakuongeza hata mmoja. Tuliwazalisha wenyewe kwa mdomo. Akija kwenye maombi ya katikati ya wiki akinukia zizi, tulivuta hewa kwa heshima. Na kwa Bibi alisema kwamba kwao alikuwa akishughulika na ng'ombe. Ni kweli, alishughulika nao. Shemasi hakuwahi kusema uongo maishani. Alikuwa na kweli mbili, moja ya Vårby gård na moja ya zizini, na akazitenga kwa treni mbili, metro na basi.

Mengi ya zizini alinisimulia mwenyewe baadaye, siku tulizokuwa tukinywa chai kwangu. Kwa mfano chapati. Bibi alikuwa na desturi ya kwao, kwamba chapati ya kwanza kutoka kwenye kikaangio kila asubuhi ni ya ng'ombe. Siyo iliyoungua, siyo iliyobaki jana. Ya kwanza, ya moto, yenye samli. Sisi tuliokulia katika nyumba ambazo chapati ilikuwa ya Krismasi, mbili mbili kwa kila mtoto, na shangazi amesimama kando ya sinia kama askari wa benki, jambo hili halituingii kichwani kwa urahisi. Shemasi ndiye aliyepewa sahani ya kupeleka. Kutoka jikoni kwa Bibi hadi zizini ni hatua mia moja na kitu, na mwezi wa kwanza, alikiri, chapati ilifika ikiwa nusu. Nilimuuliza kama hakuona aibu, shemasi mzima kumwibia ng'ombe. Akasema alimwachia nusu yenye samli nyingi.

Ng'ombe aliyeletewa chapati hiyo alikuwa mkubwa wao wote kwa umri, mweusi na doa jeupe kwenye paji, yule yule aliyekuwa akichechemea. Jina lake la pale lilikuwa Gauri. Shemasi alimwita hivyo kwa wiki mbili, mpaka Bibi alipomweleza kwa furaha kwamba ni jina la mungu wa kike. Masikini wee. Alirudi Fisksätra akafunga siku nzima bila kula. Kesho yake akatafuta jina jingine, na kwa kuwa yule ng'ombe hakupenda kutazamwa machoni, na ilibidi umkaribie kwa ubavu ukiwa umeinamisha kichwa, akamwita Mama Mkwe. Huko kwao mama mkwe hukaribiwa hivyo hivyo. Alimpisha njia. Alimsalimia kabla ya kumgusa. Akimpiga brashi alimweleza habari za kanisa, nani ameongezeka na nani amepungua, na mwishowe akaacha kula ile nusu ya chapati, kwa sababu, alisema, Mama Mkwe alikuwa ameanza kumtazama mdomo.

Siku ya sherehe ya ng'ombe waumini wa Kihindu walifika na familia zao, na mashada ya maua ya manjano, wakawapaka ng'ombe rangi nyekundu kwenye paji na kuinama kugusa kwato zao. Kazi ya Shemasi ilikuwa kushika kamba. Aliishika. Akafumba macho, akakemea kimoyomoyo kwa jina la Yesu tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuilegeza kamba hata kidogo, maana kazi ni kazi. Alipofumbua macho, Mama Mkwe alikuwa ametafuna shada la jirani yake lote. Alinisimulia hilo kwa fahari, kama mtu anayeeleza mwanawe alivyofaulu mtihani.

Basi binti wa mchungaji akapata mchumba. Nasi tukaunda kamati.

Kamati ya harusi ya watu wetu Stockholm ni chombo kizito kuliko bunge. Ilikutana mara kumi na moja, na katika mkutano wa tisa ikaamua kwamba haiwezekani mtoto wa mchungaji aolewe kwa nyama ya dukani, ile inayolala kwenye plastiki kama mgonjwa. Ng'ombe yupo. Ranchi ni yetu. Tukamuuliza Shemasi. Akasema, "Wale hawauzwi."

Hapa naomba nieleweke, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi tulifikiria nini. Nimekulia karibu na mnada wa mifugo. Katika maisha yangu yote sijawahi kuona biashara ya ng'ombe iliyoanza kwa neno jingine. Huyu hauzwi, mwenye ng'ombe husema, na hapo ndipo unaposogeza kiti. Kamati nzima ilitazamana kwa kuridhika. Tukamuuliza mara ya pili, akasema hawauzwi, hata mmoja, na uso wake ukawa mzito. Papa wa kwaya, baba wa Kikongo anayeongoza waimbaji wetu, akaninong'oneza kwamba mzee anajua kazi yake, bei itakuwa juu. Tukaamua kwenda wenyewe, bila kumwambia, ili tukipatana na mwenye ranchi tumpunguzie mzee aibu ya kuonekana anapendelea kanisa. Unaona huruma yetu.

Wajumbe tulikuwa wawili. Mimi, kwa kuwa nina gari na Kiswidi cha kutosha kuombea radhi. Na Papa wa kwaya, aliyekulia milimani juu ya Uvira na anayeamini kwamba hakuna ng'ombe duniani anayeweza kumficha jambo. Tulifika Jumamosi asubuhi, yeye akiwa na koti la harusi ya mtu mwingine. Shemasi alikuwa uani, brashi mkononi, akimshughulikia Mama Mkwe. Alipotuona alifanya jambo ambalo sijalisahau: alisogea akasimama mbele ya yule ng'ombe, kama unavyosimama mbele ya kitanda ambacho hakijatandikwa.

Bibi akatoka jikoni akipangusa mikono. Nikamweleza kwa Kiswidi, kwa adabu zote, kwamba sisi ni watu wa kanisa la mzee, kwamba tuna harusi, na kwamba tumekuja kutazama kama anaweza kutupatia ng'ombe kwa ajili ya siku hiyo. Uso wake uliwaka. Aliweka mkono kifuani. Alisema hakujua kwamba na Wakristo wanafanya hivyo, kwamba kwao pia ng'ombe kuwapo harusini ni baraka kubwa. Akauliza tungependa yupi, na kama tuna gari la kumsafirishia lenye sakafu isiyoteleza. Kisha akauliza tutamrudisha saa ngapi.

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi niligeuka kumtazama Shemasi, nikaona amefumba macho, kama ile siku ya mashada. Papa wa kwaya naye hakujua neno la Kiswidi zaidi ya asante, na alikuwa ameshafika kwa maksai mwekundu, akimpapasa mgongo.

"Bon," akasema kwa sauti ya kutosha kijiji. "Huyu iko muzuri sana. Mbavu peke yake inalisha batu makumi tano. Kichwa tutaachia bazee."

Niliona mikono ya Bibi ikisimama kwenye aproni.

"Nani atakula mbavu?" akauliza.

Aliuliza kwa Kiswahili. Siyo cha kujifunzia darasani. Kilikuwa Kiswahili cha mtu aliyezaliwa nacho jirani. Baadaye nilijua kwamba alikulia Uganda, mpaka siku Waasia walipofukuzwa na familia yake ikapelekwa Sweden, yeye akiwa binti mdogo. Muda wote ule aliofanya kazi na Shemasi hakutamka hata neno moja, kwa sababu, aliniambia, Kiswahili alichojua kilikuwa cha kuamrisha watumishi wa mama yake, na hakutaka kumwamrisha mzee mwenye tai. Kwa hiyo wote wawili walikuwa na kweli waliyoiacha nyumbani. Ya kwake ilikuwa safi zaidi.

Papa wa kwaya aliondoa mkono mgongoni kwa maksai. Bibi hakumtazama. Alikuwa amemgeukia Shemasi.

"Wewe," akasema. "Kwenu, ng'ombe ulikuwa unawapeleka wapi?"

Shemasi angeweza kutafuta kweli ya tatu. Nilimwona akiitafuta. Kisha akavua kofia.

"Machinjioni, Bibi. Nilikuwa dalali."

"Wangapi?"

"Malori kwa malori. Sikuwahesabu. Niliwapima."

Ndege ikapita. Mama Mkwe, nyuma ya Shemasi, alikuwa akimsukuma mgongoni kwa pua, akidai brashi iendelee.

"Weka brashi chini," Bibi akasema.

Akaiweka. Akaingia kibandani akavua gambuti, akavaa viatu vyake vya kanisani, akatupita hadi kwenye gari langu akakaa kiti cha nyuma. Mpaka Fisksätra hakumpima mtu. Papa wa kwaya alijaribu kumfariji. Alisema au fond, yaani kimsingi, ni bora hivi, maana ile kazi ilikuwa karibu na ibada ya sanamu. Nikamwambia anyamaze, na nikamwambia kwa lugha ambayo mjumbe wa kamati haifai kuijua.

Harusini tulikula kuku. Walikuwa wakavu.

Nilidhani mambo yangeishia hapo: mzee angekaa nyumbani kwake, apumzike, atupime Jumapili kama zamani. Lakini mlangoni alianza kugawa vitabu vya nyimbo bila kututazama. Watu ambao kwa miaka walikuwa wakimkwepa wakaanza kusimama mbele yake kidogo, wakingoja. Mke wa mchungaji alisimama hata akageuka upande. Hakuna kitu. Mimi niliyekuwa nimempeleka Papa kwa gari langu, nikafungua mdomo mbele ya Bibi, nilipokea kitabu changu kama wengine nikaenda kukaa nyuma.

Kisha theluji ilipoanguka, nikitoka kazini asubuhi, nikamwona kwenye uzio wa malisho. Amesimama upande wa barabarani, tai shingoni, mikono mfukoni, anatazama. Nikasimamisha gari. Nikamuuliza yuko pale tangu saa ngapi. Akasema tangu basi la kwanza. Nikamuuliza Bibi anajua? Akasema barabara ni ya serikali. Nikagundua kwamba hakuwahi kuacha kuja, siku zake nne kwa wiki, treni, metro, treni na basi, isipokuwa sasa safari iliishia hatua ishirini kabla. Nilimwalika chai, akakataa. Sijawahi kujisikia mdogo kama asubuhi ile, na mimi si mtu wa kujisikia mdogo, waulize kamati.

Mwezi wa Januari alinipigia simu. Hakusalimia, jambo ambalo kwa mtu kama yeye ni kama kupiga king'ora.

"Mama Mkwe amepungua kilo arobaini," akasema. "Pengine arobaini na tano. Mwambie."

Nikamwambia hapana, ng'ombe wote wako wanene, nimewaona juzi. Akasema nimeona manyoya. Baridi ikiingia nywele zao huota ndefu kama zulia, zinafunika mbavu, na mtu anayemwona ng'ombe kila siku ndiye wa mwisho kujua. Alimtazama kutoka nyuma, akamtazama ubavuni, akaenda zake mpaka kituo cha basi akageuka. Hakuwa na shaka. "Nenda wewe," akasema. "Mimi nimeambiwa niweke brashi chini."

Nilikwenda. Nikamkuta Bibi akipika chapati, nikasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, nikasema yote kwa Kiswahili, na msamaha wa mbavu nikautanguliza. Alizima jiko, akavaa gambuti, tukaenda zizini. Aliingiza vidole kwenye manyoya ya Mama Mkwe, chini ya bega, akavizamisha mpaka vikapotea, vikagota kwenye mbavu. Akabaki hivyo, macho yake yakiwa mlangoni, na nikaona yamejaa machozi.

"Yuko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Uzio ulikuwa palepale, na tai pia.

Alimwendea mwenyewe, na mimi nyuma yake, maana nisingekosa hilo kwa harusi yoyote. Walitazamana juu ya waya, wazee wawili, theluji magotini.

"Mimi sijakusamehe," Bibi akasema. "Lakini macho yako nayahitaji. Ingia."

Akazunguka akapitia lango, kwa sababu hata siku kama ile hakuwa mtu wa kuruka uzio na suruali ya kupigwa pasi.

Daktari wa mifugo alikuja akamfungua mdomo Mama Mkwe, akasema meno yamekwisha. Nyasi kavu alikuwa akizitafuna na kuzidondosha pembeni. Alikuwa akishinda na njaa mbele ya kihori kilichojaa. Hakukuwa na dawa, ulikuwa uzee tu. Kwa hiyo Shemasi akawa anamlowekea chakula katika maji ya moto, ndoo tatu kwa siku, akakivuruga kwa mkono wake mpaka kikawa uji. Chapati ya kwanza akaikata vipande vidogo, akaichovya, akampa kimoja kimoja. Bibi alimpita bila maneno mengi. Alimwita "Shemasi" sasa, na kila jioni, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, aliuliza swali moja: leo? Naye akajibu. Kilo tatu zimerudi. Kilo saba. Wiki moja mbaya, nne zimepotea tena. Ubao wa jikoni ukajaa tarakimu, kama wa shule.

Na kanisani, Jumapili moja ya mwezi wa pili, alinishika mkono mlangoni. "Umeongezeka mbili," akasema. Sijawahi kufurahia kunenepa namna ile.

Mara ya mwisho niliyowakuta wote watatu pamoja ilikuwa baada ya theluji kuyeyuka, uwanja ukiwa tope tupu. Bibi alinipigia, akasema nije, hakusema kwa nini. Nilikuta lori limesimama uani, lile linalokuja kuchukua mifugo iliyokufa, na dereva kijana mwenye adabu akiwa na fomu mkononi. Mama Mkwe alikuwa amelala kwenye majani makavu, miguu amekunjiwa vizuri, shada la maua ya manjano shingoni. Alikuwa amekufa asubuhi akiwa anapigwa brashi. Manyoya ya upande mmoja yalikuwa yamelala laini na ya upande wa pili bado yalikuwa yamevurugika.

Shemasi alikuwa amesimama kando yake, amefunga tai. Nikamshika mkono. Akaniacha niushike.

Dereva akauliza, kwa Kiswidi, akiomba radhi, kama kuna anayejua ng'ombe huyu ana uzito gani. Alihitaji kuandika, na kujua winchi itamudu. Bibi alimgeukia Shemasi, nami nikamgeukia, kwa kuwa duniani hakukuwa na swali rahisi kuliko hilo. Jana yake tu alikuwa ameandika ubaoni.

Akamtazama Mama Mkwe kutoka nyuma. Akaja ubavuni akamtazama tena. Kisha akaondoka, akaenda polepole hadi langoni, gambuti zikizama kwenye tope, na pale langoni akasimama, ametupa mgongo. Tulingoja. Dereva alikuwa ameiweka kalamu tayari.

Hakugeuka.

"Sijui," akasema.